Karata ya uchumi inapoharibu mchezo: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Karata ya uchumi ni ile isiyompiga mtu wala kumkinga mtu. Kazi yake ni kukuletea pesa ya kuchezea karata nyingine, na ndiyo maana ni ngumu kuipima. Karata ya kushambulia ikizidi nguvu, meza nzima inapiga kelele palepale. Ya uchumi ikizidi, watu wanakuja kushindwa zamu sita baadaye, na wanalaumu lori lililowapita mwishoni badala ya duka lililolinunua lori hilo.

Mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko. Mengi nimeyasikia kwenye baraza letu, tunapojaribu mchezo wetu wa biashara ya mtaani kwa karata za manila tulizokata kwa mkasi. Kila mchezaji anaanza na shilingi 5 na karata 5, anafanya vitendo 3 kwa zamu, na anayefikisha shehena tano sokoni ndiye mshindi. Raundi inaisha kwenye zamu ya 10 au karibu na hapo. Malalamiko hayohayo utayakuta kwa wachezaji wa Netrunner, Dominion na Magic, michezo ya karata ambayo namba zake zimepitia mikono mingi, kwa hiyo nitaitumia kama mizani.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Tafuta kwanza kima cha chini cha mchezo wako: mtu asiyekuwa na karata hata moja ya uchumi anapata nini kwa zamu? Bila jibu hilo huwezi kusema karata ina nguvu au haina.

Netrunner, aliyoibuni Richard Garfield mwaka 1996 na ambayo ikarudi upya mwaka 2012, inalionyesha jambo hili waziwazi. Wanacheza wawili: mmoja ni mvamizi, mwingine ni shirika linalovamiwa. Mvamizi ana vitendo 4 kwa zamu. Kitendo kimoja kinampa sarafu 1, au karata 1 kutoka fungu la kuokota. Basi kitendo ni sawa na sarafu, na sarafu ni sawa na karata. Sasa chukua karata yake maarufu, Sure Gamble: unalipa 5, unapata 9. Macho yanaona faida ya 4. Lakini umetumia kitendo kimoja kuicheza, na kitendo hicho kingekupa sarafu 1 hata bila karata. Imebaki 3. Na karata yenyewe uliiokota kwa kitendo kingine. Imebaki 2. Easy Mark ni ya bure na inatoa 3. Toa kitendo cha kuicheza na cha kuiokota, imebaki 1. Tofauti ya karata hizi mbili, ambayo kwa macho ni ya 9 na 3, kwenye mizani ni sarafu moja tu.

Fanya hesabu hiyo kwa kila karata ya uchumi uliyonayo, uiandike kwa penseli pembeni ya karata yenyewe. Halafu ndiyo uje kwenye dalili.

Dalili ya kwanza: anayeipata mapema anashinda kila mara

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo lililotutesa zaidi sisi. Tulikuwa na karata ya Duka la Mangi: bei shilingi 2, na kila zamu inakupa shilingi 2. Jumamosi moja shemeji yangu alipata maduka mawili kwenye karata zake tano za mwanzo. Akafungua yote mawili zamu ya kwanza. Zamu ya pili alianza na shilingi 4 mkononi kabla hajafanya kitendo, na vitendo vyake vitatu viliweza kumwongezea 3 nyingine. Sisi wengine tulikuwa na zile 3 tu. Saba kwa tatu, zamu ya pili! Hiyo 7 ikanunua duka la tatu. Kufika zamu ya sita binti yangu alikuwa ameacha kuokota karata, anachezea kona ya manila kwa kucha.

Angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, soma karata kwa sauti. Usicheke ukaguzi huu, ndio rahisi kuliko wote na umeshatuokoa mara mbili. Karata yetu iliandikwa "Kila zamu pata shilingi 2." Jirani yetu mmoja aliisoma kwa uaminifu kabisa kuwa ni kila zamu ya mtu yeyote, akawa anavuna mara nne kwa mzunguko mmoja. Maneno sahihi ni "Mwanzoni mwa kila zamu yako." Neno moja, "yako", lilikuwa limepunguza nguvu ya karata hadi robo kabla hatujagusa namba.

Pili, hesabu mtaji unarudi zamu ya ngapi. Duka letu liligharimu shilingi 2, kitendo 1 cha kulifungua na thamani ya karata 1: jumla 4. Linaleta 2 kwa zamu. Mtaji umerudi baada ya zamu mbili, na mchezo una zamu kumi. Aliyefungua zamu ya kwanza atapokea mara tisa, yaani 18, na faida yake ni 14. Aliyefungua zamu ya saba atapokea mara tatu, yaani 6, na faida ni 2. Karata ileile, mtu mmoja anapata mara saba ya mwenzake, na hakuna ujuzi wowote uliowatofautisha ila siku ya kuiokota. Mtaji ukirudi kabla ya robo ya mchezo kupita na karata ikaendelea kutoa, umeshajua ugonjwa uko wapi.

Tatu, tazama kama wapinzani wana pa kuishika. Netrunner ina PAD Campaign ya upande wa shirika: inagharimu 2 kuiwasha na inatoa 1 kila zamu, bila mwisho. Inaonekana kama ugonjwa uleule, lakini mvamizi anaweza kuifikia na kulipa 4 kuitupa. Kwa hiyo shirika likiifungua linamuuliza mpinzani swali: utalipa 4 sasa, au utaniacha nivune? Duka letu halikuwa na swali lolote. Likishafunguliwa limefunguliwa.

Nne, hesabu nakala. Karata isiyo na tatizo ikiwa moja inaweza kuwa janga zikiwa tatu, kwa sababu mapato ya ya kwanza ndiyo yanayonunua ya pili.

Tiba watu wengi wanayokimbilia ni kupandisha bei, na nadhani ndiyo mbaya kuliko zote. Bei ikipanda, anayeumia ni yule maskini wa zamu ya tano aliyehitaji duka ili ainuke. Mwenye nacho wa zamu ya kwanza ataimudu tu. Tiba niliyoipenda ni kuipa karata umri. Daily Casts ya Netrunner inafanya hivyo: inagharimu 3, inawekewa sarafu 8 juu yake, unachukua 2 kila zamu yako inapoanza, na zikiisha karata inatupwa. Sisi tukaweka maharage manane juu ya kila duka linalofunguliwa. Kila mwanzo wa zamu mwenye duka anachukua maharage mawili. Yakiisha, Mangi amefunga. Faida sasa ni 8 kutoa 4, yaani 4, ukifungua zamu ya kwanza au ya sita. Ukifungua ya nane unarudisha mtaji tu, ya tisa unakula hasara ya 2. Uamuzi wa lini kufungua ukarudi mezani. Na kitu ambacho sikukitarajia: watoto wanapenda kuyaona maharage yakipungua, na wanaanza wenyewe kupiga hesabu kwamba "duka la baba limebakiza zamu mbili, tusubiri."

Umri usipotosha, ongeza mlango wa mpinzani kuifungia karata. Ukishindwa hapo, punguza nakala. Bei iwe ya mwisho.

*Simama hapa ikiwa* umebadilisha namba mara tatu, kila badiliko umelichezea angalau raundi tano, na bado kiti kilekile kinashinda. Hapo ugonjwa hauko kwenye karata, uko kwenye nani anaanza. Hearthstone, mchezo wa karata wa kwenye kompyuta, inampa anayecheza wa pili karata moja ya ziada mkononi pamoja na Coin, karata ya pesa ya mara moja tu, kwa sababu hiyohiyo. Rudisha namba zako za mwanzo, kisha utibu mpangilio wa zamu.

Dalili ya pili: karata haichezwi, inabaki mkononi hadi mwisho

Hili watu hawalilalamikii kwa mdomo. Utaliona mwishoni mwa raundi, watu wakifunua mikono na karata ileile ikiwa imebaki kwa watatu kati ya wanne. Usikimbilie kuiongezea mapato.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kizingiti. Karata inadai pesa nyingi kwa mtu ambaye shida yake ni kwamba hana pesa. Tulikuwa na Mzigo wa Jumla: bei 7, mapato 12. Faida ya 5, nono kabisa kwenye karatasi, na hakuna aliyeicheza. Nikampa mwanangu daftari aandike kila mtu ana shilingi ngapi zamu yake inapoanza. Tulipozipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, ya katikati ilikuwa 4. Watu wanatumia walichonacho. Hakuna anayelala na 7. Tukashusha bei iwe 4 na mapato 9. Tofauti ni ileile 5, lakini ilikuwa karata nyingine kabisa, tena ikazidi nguvu, hadi tukaiacha kwenye bei 4 na mapato 8. Jifunze kuzitenga namba hizi mbili kichwani: tofauti inasema karata inalipa kiasi gani, bei inasema nani anaruhusiwa kulipwa. Sure Gamble inafanya kazi kwa sababu Netrunner inaanza na sarafu 5 mkononi, sawasawa na bei yake. Zamu ya kwanza unaimudu bila kuchelewa. Lakini baada ya kufilisika zamu ya nane inakukodolea macho tu, na hapo ndipo Easy Mark, ile dhaifu kwenye hesabu, inakuwa mkombozi.

Sababu inayofuata ni kwamba karata inakula vitendo. Hapa kuna somo ninalolipenda. Armitage Codebusting ya Netrunner inagharimu 1, ina sarafu 12 juu yake, na kila kitendo unachotumia kwake kinakutolea 2. Piga hesabu: kitendo cha kuiokota, cha kuiweka, na sita vya kuchukua, jumla vitendo 8, umepata 12 na umelipa 1, yaani 11. Vitendo 8 vitupu vingekupa 8. Faida halisi ni 3. Sasa ipime Daily Casts ya pale juu: 8, toa 3, toa vitendo viwili, faida 3. Sawasawa! Mbona basi wachezaji wazoefu hawazioni kuwa sawa? Kwa sababu hesabu inadhani kila kitendo kina thamani ya sarafu 1, na hiyo ni kweli pale tu usipokuwa na la maana zaidi la kufanya. Armitage inakudai vitendo sita vya kukaa kibandani unahesabu chenji. Daily Casts inakuacha ukimbize mchezo wakati pesa inakuja yenyewe. Kadiri mchezo wako ulivyo na mambo mengi ya kufanya kwa zamu, ndivyo karata za kula vitendo zinavyonyauka. Ukiona karata yako haichezwi na bei yake si kubwa, hesabu vitendo.

Sababu ya tatu ni kwamba mtaji unarudi baada ya mchezo kuisha. Karata inayolipa shilingi 1 kwa zamu na kugharimu 6 kwa jumla haina kazi kwenye mchezo wa zamu nane, isipokuwa imeokotwa mwanzo kabisa. Ukaguzi ni mwepesi: andika raundi zako kumi za mwisho ziliisha zamu ya ngapi. Wabunifu wengi wanadhani mchezo wao ni mrefu kuliko ulivyo.

*Simama ikiwa* wachezaji wageni wanaiacha lakini wewe mwenyewe unaichezea vizuri na unashinda nayo. Karata haina kasoro, inahitaji mtu aione ikitumika. Mwachie mgeni raundi tatu nyingine bila kumfundisha. Ukiibadilisha sasa utaiharibu.

Dalili ya tatu: kila mtu anaiweka, kila mara

Si kila mara huu ni ugonjwa, na nasema hivyo nikijua wengi hawatakubali. Dominion ya Donald X. Vaccarino, ya mwaka 2008, ina Silver: bei 3, inatoa 2. Karibu kila mchezaji anainunua wakati fulani, na mchezo umejengwa juu yake kama nyumba ilivyojengwa juu ya msingi. Tazama hesabu yake. Unaanza na karata 10, saba ni Copper za thamani ya 1 na tatu hazitoi pesa. Mkono wa karata tano una wastani wa 3.5. Ongeza Silver moja, una karata 11 zenye 9, na wastani wa mkono unapanda hadi karibu 4.1. Karata moja imeusogeza uchumi wako wote kidogo, na bado una safari ndefu hadi 8 ya kununulia Province, karata kubwa ya pointi za ushindi. Iko kwa kila mtu, na haimalizi mchezo.

Kipimo ni hiki: iondoe kwa mchezaji mmoja, wengine waache nayo, mcheze. Akihangaika lakini akafika, ni karata ya msingi, iache. Akiwa mtazamaji tu, ni karata inayobeba mchezo mgongoni, na hapo rudi dalili ya kwanza.

Ukaguzi wa pili ni kuiweka karibu na dada zake. Toleo la kwanza la Dominion lilikuwa na Woodcutter na Chancellor, zote bei 3, zote zinatoa 2, kila moja na kinyongeza chake. Lakini ni karata za kitendo, na kwa kawaida una kitendo kimoja kwa zamu. Silver ya bei ileile inatoa 2 ileile bila kuhitaji kitendo. Toleo la pili la mwaka 2016 liliziondoa zote mbili. Ukiwa na karata mbili za bei moja na moja haina siku hata moja ambayo ni bora kuliko mwenzake, tatizo liko kwa dhaifu. Usimkate miguu mwenye nguvu.

Dalili ya nne: raundi inaamuliwa na mkono wa kwanza

Mfano wa wazi kuliko yote ni Sol Ring ya Magic, iliyokuwepo tangu mwaka 1993. Inagharimu 1 na inatoa 2 kila zamu, yaani mtaji umerudi na chenji palepale ilipowekwa. Kwenye mtindo wa Commander kila mtu ana karata 99 za kuokota na nakala moja tu ya kila karata. Nafasi ya kuikuta kwenye karata saba za mwanzo ni 7 kati ya 99, yaani takriban asilimia 7. Ndogo, sivyo? Lakini mezani kuna watu wanne. Wote wakiwa nayo kwenye mafungu yao, nafasi ya angalau mmoja kuanza nayo ni karibu raundi moja kati ya nne. Moja kati ya nne, mtu mmoja ameanza na injini na watatu kwa miguu. Septemba 2024 mtindo huo ulizipiga marufuku Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, zote za kuleta pesa ya haraka. Sol Ring ikabaki.

Kwa mchezo wako, fanya hesabu ya meza nzima. Nafasi ya mtu mmoja haitoshi. Kisha jaribu tiba kwa mpangilio huu: ruhusu mtu kurudisha mkono wake wa kwanza na kuokota upya mara moja. Isiposaidia, itoe karata ile kwenye fungu la kuokota na uiweke hadharani, kila mtu ainunue anapomudu, kama Silver inavyouzwa. Hata hapo bahati haitaisha. Dominion yenyewe inakugawia pesa ya zamu mbili za kwanza kwa 4 na 3 mara tano kati ya sita, na 5 na 2 mara moja kati ya sita, na kuna karata za bei 5 ambazo aliyepata mgao huo atazishika kabla ya wenzake. Hiyo ni bahati ya kiasi. Inaongeza ladha na haiamui mshindi.

Ukitaka kupunguza makali bila kuiondoa karata, punguza mapato kwa hatua moja tu. Hearthstone ilifanya hivyo Septemba 2017 kwa Innervate: ilikuwa inatoa mana 2 (mana ndiyo pesa ya mchezo huo) kwa zamu ile, ikawa inatoa 1. Bei ikabaki 0, picha ileile. Kwenye namba ndogo hatua moja ni nusu ya karata.

*Mwite mtaalamu* ukifika mahali una zaidi ya aina tano au sita za karata za uchumi zinazogusana na huwezi tena kupiga nafasi zake kwa penseli. Tafuta mtu anayeandika programu, mpe kanuni zako kwa maandishi, akuchezeshee raundi elfu kadhaa kwenye kompyuta. Baraza haliwezi kucheza raundi elfu, na wewe ukijaribu kukisia utazunguka hapohapo miezi.

Dalili ya tano: mchezo unakuwa mrefu na kimya

Watu wanakusanya, hawagusani. Sababu karibu kila mara ni moja: karata inamlipa anayekaa. Magnum Opus ya Netrunner inageuza kila kitendo kuwa sarafu 2 badala ya 1, milele, na mtu akishaiweka anaweza kuketi zamu nzima akivuna 8. Ukaguzi wa haraka ni kuweka saa ya simu mezani na kuhesabu zamu zilizopita bila mtu kumfanyia mwenzake chochote. Zikifuatana tatu, funga pesa kwenye tendo. Dirty Laundry inagharimu 2 na inakulipa 5, lakini lazima umvamie mpinzani na ufanikiwe. Sisi tulisema karata yetu ya Genge inalipa shilingi 4 zamu ile tu unayopeleka shehena. Kelele zilirudi barazani jioni ileile.

Dalili ya sita: mtu anakopa zamu ya mwisho na halipi

Tulikuwa na karata tuliyoiita Kausha Damu: pata 6 sasa, lipa 1 kila zamu kwa zamu nane. Mwanzoni iliuma kama jina lake. Zamu ya tisa ilikuwa zawadi, maana deni lilikufa na mchezo. Deni lolote lisilomalizika liondoe pointi mwishoni, na liandike hilo kwenye karata yenyewe, maana mtu akikuta mzozo hafungui kitabu cha kanuni.

Dalili ya saba: hela za kweli zimeingia mezani

Hii haina tiba ya namba. Mchezo ukianza kuchezewa kwa dau, kila ulichopima kimebadilika: watu hawajaribu tena karata ya ajabu, wanacheza kwa woga. Lakini sababu kubwa ya kusimama ni ya kisheria. Tanzania michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na kuendesha bila leseni ni kosa. *Simamisha raundi, rudisha hela za watu, na kama una nia ya kuendelea kwa dau, nenda kwa wakili kwanza.* Sisi dau letu ni nani atachemsha chai.

Dalili ya nane: karata imejilisha yenyewe

Hii hutokea mara chache, lakini ikitokea utaijua, kwa sababu zamu ya mtu haiishi. Karata moja inatoa pesa, nyingine inairudisha ile ya kwanza mkononi kwa pesa pungufu ya ile, na mtu anaanza kuzizungusha. Ukaguzi wa kwanza: jumlisha bei ya mzunguko mzima na mapato ya mzunguko mzima, vitendo vikiwemo. Mapato yakizidi bei hata kwa shilingi 1, mzunguko hauna mwisho. Ukaguzi wa pili: tafuta maneno "bila kutumia kitendo" kwenye karata zako zote. Karibu kila mzunguko tulioukuta ulikuwa umejificha nyuma ya maneno hayo, kwa sababu kitendo ndicho breki ya mchezo wote na tulikuwa tumeing'oa.

Tiba ya papo hapo ni "mara moja tu kwa zamu." Tiba ya kudumu ni kurudisha kitendo. Na kama umeshapeleka faili kwa mchapaji, piga simu sasa hivi asimamishe kazi, hata kama utalipia sahani za kuchapia zilizokwisha tengenezwa. Karatasi iliyochapwa haifutiki. Huku nyumbani, zitoe karata zote mbili kwenye fungu, zibane kwa klipu, andika tarehe na mzunguko ulivyokwenda hatua kwa hatua, kisha wagawie watu upya muendelee bila hizo.